Tumechimba mita 120 tukapata vumbi: tuongeze au tuhame?

Swali, kutoka kwa msomaji wa wilaya ya Chamwino, Dodoma:

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya kijiji chetu. Tulichangishana miaka miwili, tukaleta mpimaji, kisha rigi ikaja ikachimba mita 120. Mita 14 za mwanzo ulitoka udongo mwekundu na changarawe, baada ya hapo vumbi la kijivu mpaka mwisho. Maji hakuna. Kisima cha misheni, kama mita 400 kutoka pale, kina mita 58 na hakijawahi kukauka, ila watoto waliokulia kwenye maji yake wana madoa ya kahawia menoni. Mkandarasi anasema tuongeze mita 80. Wazee wanasema kuna mto unapita chini ya misheni, sisi tumeukosa. Wengine wanataka tuchimbe chini ya mbuyu mkubwa ulioko bondeni. Na zile mvua za El Niño za 2023 na 2024 zilibomoa mpaka nyumba. Maji yote yale yalikwenda wapi? Tufanye nini?"

Jibu:

Marahaba mama. Poleni sana, na hongera kwa kuandika rangi ya vumbi na kina chake, maana hapo ndipo jibu lilipo. Msiongeze hizo mita 80. Fedha iliyobaki itumieni kupima mahali pengine.

Vumbi la kijivu lisilobadilika kuanzia mita ya 14 hadi ya 120 maana yake mmetoboa graniti nzima, isiyooza wala kupasuka. Sehemu kubwa ya Dodoma imekalia miamba ya kale mno, mingi ikiwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ni sehemu ya kitako kikuu cha Tanzania kinachokwenda mpaka Singida, Tabora na Shinyanga. Graniti ikiwa nzima haina matundu ya kuweka maji. Punje zake zimeshikana, na nafasi iliyopo kati yake haifiki hata asilimia moja ya ujazo. Ukizamisha nyundo ya rigi humo utapata unga wa jiwe, na ukizidi kushuka utapata unga zaidi.

Maji ya chini ya ardhi huku kwetu hukaa sehemu mbili. Ya kwanza ni ule mwamba uliooza juu ya graniti nzima. Mvua na joto vimeulainisha kwa muda mrefu sana, madini ya feldispa yakageuka udongo wa mfinyanzi, na vipande vya kwazi vikabaki kama changarawe. Pa pili ni nyufa za mwamba wenyewe. Tabaka lililooza ndilo tangi, nyufa ndiyo mabomba. Kisima kizuri cha Dodoma ni kile kilichopita kwenye tangi nene, kikafika pale chini ambapo mwamba umevunjika vipande lakini haujawa udongo, kisha kikakata nyufa moja mbili zinazovuta maji kutoka mbali. Tangi lenu lina mita 14 tu, tena zimekaa juu ya usawa wa maji. Bila shaka pale misheni mwamba umeoza kwenda chini zaidi.

Kuhusu kwenda chini: uzito wa mwamba ulioko juu hubana nyufa, kwa hiyo kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyopungua na kuwa nyembamba. Kwenye graniti ya aina hii nyufa nyingi zenye maji hukutwa ndani ya mita 80 au 100 za mwanzo. Zipo zinazoshuka zaidi, hasa kwenye mipasuko mikubwa, lakini hizo hutangulia kujionyesha. Vumbi hubadilika likawa la kahawia au lenye kutu, nyundo hudidimia ghafla, mawe hutoka yakiwa na nyuso zilizopakwa rangi, au vumbi hugeuka tope. Ninyi hamkuona hata moja ya dalili hizo kwa zaidi ya mita 100 mfululizo. Simlaumu mkandarasi wenu. Lakini kazi hii hulipwa kwa mita, na anayelipwa kwa mita ataona njia ya kwenda chini haraka kuliko njia ya kuhama. Mkataba ujao uandikwe wazi kwamba rigi ikipita mita kadhaa ndani ya mwamba mzima bila dalili yoyote, kazi inasimama na kamati inaulizwa kwanza.

Sasa mto wa wazee. Mto unaotiririka chini ya graniti haupo, lakini ningekuwa kwenye kikao chenu nisingewapuuza. Wanachokisema kina msingi: maji ya chini ya ardhi huku kwetu yamekaa kwa mistari. Ukiangalia Dodoma kwa picha za setilaiti utaona makorongo yanayonyooka kwa kilomita nyingi, kingo za vilima zilizokatika, na mistari ya miti ya kijani katikati ya Septemba. Mingi ya mistari hiyo ni mipasuko. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa linapotoka kaskazini kupitia Manyara hutawanyika, na mikono yake inafika mpaka kwetu. Wanajiolojia wamechora mipasuko ya Bubu, Mponde na Hombolo, na mbuga ya Bahi ni ardhi iliyozama kati ya mipasuko ya namna hiyo. Haijalala. Tetemeko la 2002 lililotikisa mji wa Dodoma lilikumbusha kwamba miamba hii ya kale bado inavutwa.

Mpasuko unapopita, mwamba unasagika, maji yanapenya, na uozo unashuka chini sana kuliko pembeni. Ndiyo maana mita 400 zinaweza kutenganisha kisima kisichokauka na shimo la vumbi. Mfano mkubwa kuliko wote ni Makutupora, kaskazini ya jiji, ambako visima vimelisha Dodoma kwa miongo mingi. Pale pana bonde lililobanwa na mipasuko, graniti iliyooza na kupasuka chini, na mchanga na udongo ulioletwa na maji juu yake. Lakini sikilizeni na upande wa pili, kwa sababu wapimaji wengine hawausemi. Mpasuko unaweza pia kuwa umejaa udongo laini uliosagwa, ukazuia maji badala ya kuyapitisha. Kwa hiyo kuona mstari hakutoshi. Lazima mpime upande huu na upande ule wa mstari.

Hapa ndipo ninapotilia shaka kipimo mlichofanyiwa. Ukinzani wa umeme hupimwa kwa kupigilia vyuma ardhini na kupitisha mkondo: mwamba mkavu mzima hukataa umeme, udongo na mwamba wenye maji huupitisha. Mpimaji akisimama sehemu moja tu, ambayo mara nyingi ni kiwanja kilichochaguliwa na kijiji kwa kuwa kiko karibu na shule au ofisi, atakupa picha ya tabaka za chini ya miguu yake na hakuna zaidi. Kinachotakiwa ni kutembea na kipimo kwa mstari unaokata bonde, mita mia kadhaa, kikisogea hatua kwa hatua, ili paonekane pale ambapo mwamba mgumu unazama ghafla. Hapo ndipo anapopima kwa kina. Umeme nao unadanganya: mfinyanzi mzito na maji ya chumvi huonekana vizuri kwenye kipimo, na vyote havifai. Muulizeni mpimaji atakayekuja: mstari wako utaanzia wapi na kuishia wapi? Asiyekuwa na jibu aende zake. Mwombeni pia akapime pembeni ya kisima cha misheni kwanza, apate kujua mahali penye maji katika eneo lenu panaonekanaje kwenye mashine yake. Kipimo hicho kina faida kuliko fomula yoyote.

Mbuyu hautawasaidia. Mbuyu unaishi mahali pakavu kwa sababu unahifadhi maji kwenye shina lake, na mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi. Ukiona mbuyu mkubwa umejua kwamba mbuyu umeishi miaka mingi, basi. Mti wa kuufuata ni mkuyu, hasa mikuyu kadhaa iliyojipanga kwa mstari mbali na korongo, ikiwa na majani mabichi mwezi wa Oktoba. Huo hauna ghala la maji shinani kama mbuyu, na mahali ulipostawi kiangazi maji huwa hayako mbali. Wanyama nao wanajua. Kule Ruaha, mto unapokauka, tembo huchimba mchangani kwa miguu na mkonga mpaka maji yachuruzike, na wanyama wengine huja kunywa kwenye mashimo yao. Wachungaji wa Kigogo wamekuwa wakifanya kazi hiyo hiyo kwenye makorongo yao tangu zamani. Nitarudi kwenye huo mchanga.

Swali lako la El Niño ndilo ninalolipenda kuliko yote, na Dodoma ina jibu ambalo sehemu chache sana za Afrika zinalo. Kule Makutupora usawa wa maji visimani umekuwa ukipimwa tangu miaka ya 1950. Fikiria watu waliotelemsha kamba kisimani, wakaandika namba daftarini, wakastaafu, wengine wakaendelea. Mwaka 2013 watafiti, miongoni mwao Richard Taylor wa London na wenzake wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo za miaka 55. Walichokuta ni kwamba miaka mingi maji ya ardhini hayajazwi kabisa, au yanajazwa kidogo mno. Usawa unashuka mwaka baada ya mwaka. Halafu unakuja msimu mmoja wa mvua nzito isiyo ya kawaida, na usawa unapanda kwa kishindo. Mpando mkubwa kuliko yote ulikuwa wa msimu wa 1997 na 1998, El Niño ile ambayo watu wazima wote wa Dodoma wanaikumbuka.

Sababu si ngumu. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, wakati jua na upepo vina uwezo wa kunyonya zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mvua ya kawaida inalowesha udongo, mtama na uwele vinakunywa, nyasi zinakunywa, jua linamaliza. Hakuna kinachobaki cha kushuka. Inapokuja mvua ya siku kadhaa mfululizo, udongo unashiba, makorongo yanajaa na kutiririka, na maji yanapenya kupitia vitanda vya mchanga vya makorongo yenyewe. Utafiti uliofuata pale Makutupora, kwenye mto wa msimu wa Kinyasungwe Ndogo na vijito vyake, ulionyesha kwamba njia kuu ya maji kushuka ni hiyo: sakafu ya korongo. Mashamba yaliyotanda pembeni hayapitishi sana.

Kuna ushahidi mwingine uliofichika ndani ya maji yenyewe. Sehemu ndogo ya maji yoyote ni mazito kidogo kuliko mengine, kwa sababu ya aina za oksijeni na haidrojeni zilizomo. Katika nchi za joto mvua kubwa huwa na kiasi kidogo zaidi cha maji hayo mazito kuliko manyunyu. Watafiti walipopima maji ya visimani, hapa Makutupora na sehemu nyingine za tropiki, walikuta yanafanana na mvua za miezi mizito, hayafanani na wastani wa mvua zote. Yaani maji mnayokunywa kutoka ardhini ni kumbukumbu ya masika makubwa machache.

Kwa hiyo mama, maji yale ya 2023 na 2024 hayakupotea yote. Mengi yalikimbia juu ya ardhi, hasa palipofyekwa na kulishwa mifugo mpaka udongo ukawa mgumu. Lakini palipo na tangi na mlango wa kuingilia, sehemu yake iko chini sasa hivi. Kwenye shimo lenu hakukuwa na tangi la kuipokea. Na palipo nayo, iliyoingia ni ya kutumiwa kwa miaka, pengine mingi, mpaka mvua nyingine ya namna hiyo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu naona pampu za jua zikifungwa vijijini na kupewa kazi ya kusukuma kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, kwa kuwa jua halina bili. Kisima hakijazwi kila mwaka, basi kisipangiwe matumizi kama kwamba kinajazwa kila mwaka.

Meno ya watoto. Madoa ya kahawia yanayowapata watoto wengi wanaokunywa kisima kimoja karibu kila mara ni floraidi, madini yaliyoyeyuka majini, na msiyachukulie kama urembo ulioharibika tu, kwa sababu ikizidi sana na kwa miaka mingi huingia kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa maeneo mengi hayakuwa na chanzo kingine, kisha ikashusha kufikia hiyo 1.5. Watu wengi huhusisha floraidi na volkano, na kwa Arusha na Manyara wako sahihi: majivu na lava za milima kama Meru na Hanang zina floraidi nyingi, na Oldoinyo Lengai hutoa lava ya magadi isiyotolewa na volkano nyingine yoyote hai duniani. Dodoma hatuna volkano, lakini graniti nayo ina floraidi ndani ya madini yake, hasa baiotaiti na florspa, na maji yakikaa muda mrefu kwenye nyufa huiyeyusha. Kalisi (kalsiamu) ikiwa nyingi kwenye maji huikamata floraidi. Kalisi ikiwa kidogo, floraidi inabaki. Hivyo maji matamu, laini, yanayotoa povu la sabuni kirahisi, yanaweza kuwa na floraidi kubwa, na ulimi hautakuambia.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki palepale, hivyo inakolea. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe uliochomwa vizuri huiondoa, na kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimefanya kazi hiyo kwa muda mrefu, lakini unahitaji kubadilishwa kila unapochoka, na kijiji kinachosahau kuubadilisha kinajidanganya. Ninachokipendekeza kwenu ni rahisi zaidi. Meno ya kudumu huharibika wakati yanaundwa, kabla mtoto hajafika miaka minane hivi. Tangi la maji ya mvua kwenye paa la shule ya msingi, na mapipa nyumbani, yawekwe kwa ajili ya kunywa na uji wa watoto wadogo peke yao. Maji ya misheni yaendelee kufua, kuoga na kunywesha mifugo.

Upande wa pili wa hatari ni naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi. Hudson Nkotagu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya naitreti nyingi katika maji ya ardhini ya Dodoma, na vyanzo vyake si siri: vyoo vya shimo na mazizi. Mwamba uliooza unachuja kidogo, ufa hauchuji kabisa. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, na anayeumia kwanza ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo. Mahali mtakapochagua pawe juu ya mteremko kuliko vyoo na mazizi, na msiruhusu zizi jipya kusogea baada ya kisima kuchimbwa. Huwa linasogea.

Wakati mnasubiri fedha ya rigi, nendeni korongoni. Kama lina mchanga mkavu wenye kina cha mita mbili tatu juu ya mwamba au mfinyanzi, mnalo ghala tayari: mchanga mkavu unaweza kubeba maji kiasi cha robo ya ujazo wake, na jua likishakausha sentimita za juu haliwezi kunyonya sana yaliyoko chini. Ukuta mfupi wa mawe na saruji uliojengwa juu ya kizingiti cha mwamba, ukipandishwa kidogo kidogo kila msimu, hukamata mchanga zaidi na maji pamoja nao. Usijengwe kwa haraka mpaka juu, maana utajaa tope badala ya mchanga. Kisima kifupi chenye mduara wa zege na pampu ya mkono, kilichochimbwa ukingoni, kitatoa maji safi kuliko shimo la wazi.

Shimo la mita 120 lisizibwe. Lifungeni mfuniko wa chuma wenye kufuli, kwa usalama wa watoto, kisha telemsheni kamba yenye uzito mara moja kwa mwezi muone kama maji yanaonekana baada ya masika. Mkipata kisima kipya, fanyeni vivyo hivyo kwenye hicho, asubuhi kabla pampu haijawashwa, na namba iandikwe kwenye daftari la kamati. Msikubali kisima kipya bila jaribio la kupampu la saa 24 angalau, na lifanyike Oktoba au Novemba. Kisima kinachojaribiwa Aprili kinatoa ahadi ambayo hakiwezi kuitimiza.

Jambo la mwisho ni vibali. Mkoa wetu umekaa kwenye mgongo unaogawa mabonde matatu: maji mengine yanatiririka kwenda Wami na Ruvu, mengine Rufiji kupitia Mtera, mengine yanaishia Bahi katika Bonde la Kati. Chamwino yenyewe imegawanyika, kwa hiyo waulizeni RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilayani kijiji chenu kiko bonde gani, maana bodi ya bonde hilo ndiyo inayotoa kibali cha kuchimba na ndiyo inayotunza kumbukumbu za visima vya jirani. Ombeni mzione. Maji yakipatikana, sampuli mbili ziende maabara ya maji Dodoma mjini: moja ya floraidi, naitreti na chumvi, nyingine ya vijidudu, kwenye chupa watakayowapa watu wa maabara, ikiwa kwenye barafu na ifike siku hiyo hiyo.